Shangazi, bibi auze mikarafuu niende nikachukue digrii mbili kwa mpigo?

Assalaam alaykum Shangazi, natumai mzima wewe na walokuzunguka. Mie ni msichana wa miaka 22, kwetu Pemba, Wete, ila saivi nipo Unguja nasoma digrii ya utalii mwaka wa pili, digrii yenyewe ya miaka mitatu, GPA yangu 4.1 na mkopo nnapata wa Bodi ya Mikopo. Nisamehe barua itakuwa ndefu maana hili jambo limenikaa kifuani na huku dahalia sina wa kumwambia, ukimwambia mmoja ushaliambia korido zima.

Ilikuwa hivi. Mwezi wa pili kuna kaka mmoja alikuja akatuonesha kwenye simu vyuo vya Marekani vyenye kozi ya rikriesheni na utalii, akasema kuna mpango unaingia mara moja unatoka na digrii mbili, ya kwanza na masta, miaka mitano khalas. Badala ya kusoma minne afu uanze upya kuaplai masta ya miaka miwili unaunganisha moja kwa moja. Wallahi moyo ulinenda mbio. Yeye ni ajenti, ana ofisi yake mjini, anasema nafasi za digrii mbili anazo mbili tu na moja ishalipiwa, hii ya pili anataka milioni 3 anishikie, ada ya mwaka wa kwanza tutazungumza baadae. Nikamuuliza na hii digrii yangu ya hapa je? Kasema achana nayo, kule unaanza mwanzo lakini "unaruka". Unaruka vipi sikufahamu, na kuuliza tena niliona haya mana wenzangu wote walikuwa wanatikisa vichwa kama wamefahamu.

Nikampigia bibi, mzaa mama, yeye ndie alonilea. Bibi hana neno kwangu, kasema mikarafuu yake iuzwe, yeye keshazeeka hapandi mti. Mnunuzi keshapatikana wa milioni 25. Mjomba kasikia kawaka moto, anasema mikarafuu haiuzwi kwa ajili ya mtoto wa kike kwenda kutembea Ulaya (Marekani yeye anaiita Ulaya). Na mama nae yuko kivyake, kaniuliza hiyo rikriesheni ndo nini, nilipomwambia kasema kwa hiyo unakwenda Marekani kusomea kucheza? Sikuwa na jibu Shangazi, mana kusema kweli na mie sijui tofauti yake na utalii ninaosoma hapa ni ipi.

Utalii naupenda. Mwaka jana fildi nilifanya hoteli moja pwani ya kaskazini, nikawekwa mapokezi, Kiingereza changu kikanyooka na Kitaliano nikaokota kidogo. Mambo mengine sikuyapenda, kwa mfano watoto wa kijiji jioni maji yakishatoka wanakuja kucheza mpira pwani, meneja anasema waondoshwe wageni wanapiga picha za jua kuzama, na mie ndo natumwa kwenda kumwita askari. Kuna mmoja alikuwa ananiita dada. Lakini hayo si mada.

Esei ya maombi nshaiandika, ajenti kasema iko vizuri. Inaanza hivi: "Tangu utotoni nimekuwa na mapenzi makubwa na sekta ya utalii, ambayo ni uti wa mgongo wa uchumi wa Zanzibar." Naomba uniambie kama imekaa sawa, na naomba uniambie nilipe au nisilipe, na bibi nimwambie nini, maana mnunuzi anataka jibu kabla ya mwezi kwisha.

Ni mie, Msichana wa Wete

---

Waalaykum salaam mwanangu, mie mzima alhamdulillah. Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili kichwa nimekishika kwa mikono miwili. Nianze na la haraka, hiyo milioni 3 usitoe. Kama ushatoa hata laki nenda kaidai kesho asubuhi, na usende peke yako, nenda na mjomba huyo huyo alowaka moto, moto wake utafaa.

Sisemi kuwa mpango wenyewe ni uongo. Upo, na vyuo vingi vya Marekani vinao kwa kozi za kila namna, hata idara za rikriesheni, mapaki na utalii. Uongo uko kwenye mlango alokuonesha. Mlango wa mpango huu uko ndani ya nyumba, ukiwa barazani huuoni. Kawaida yake mtu anaingia chuo kama mwanafunzi wa digrii ya kwanza tu kama wenziwe, anasoma mwaka wa kwanza, wa pili, akifika kama wa tatu na maksi zake ziko juu (wengi wanataka GPA ya 3.0 kwenda mbele kwa mizani yao ya 4) hapo ndo idara yake inamruhusu aombe kuunganisha. Anaandika barua ya kujieleza, wahadhiri waliomsomesha pale pale wanamuandikia za kumpendekeza, akikubaliwa basi mwaka wake wa mwisho anachukua masomo matatu manne ya ngazi ya masta na hayo yanahesabiwa pande zote mbili. Digrii ya kwanza kule ni krediti (ndo vipimo wanavyohesabia masomo) kama 120 na masta ni 30 na kidogo, sasa ukiwa nazo krediti 9 au 12 zinazokula kwenye sahani mbili, masta iliobaki unaimaliza kwa mwaka mmoja. Huko "kuruka" alikokwambia ndo huku, na ukitazama hakuna mtu aloruka kitu, ni hesabu.

Kwa hiyo wewe uko zako dahalia Unguja, chuo hujakikanyaga, hakuna mhadhiri wa kule anaekujua hata jina, afu mtu anakuuzia nafasi ya kuunganisha. Madrasani tulisomeshwa kwamba kumuuza samaki alie bado baharini haisihi. Ndo biashara hiyo. Mwambie neno moja tu, nipe jina la chuo na jina la idara niwaandikie mwenyewe. Mana vyuo vya Marekani maombi yanajazwa na muombaji mwenyewe mtandaoni, huhitaji mtu wa kukushikia nafasi, na akikataa kukutajia basi ushapata jibu lako bure.

Haya, tuseme basi ajenti ni mkweli mtupu na mlango upo. Bado hesabu haikufai wewe. Mpango huu umetengenezwa kwa mtoto wa Kimarekani ambae digrii yake ya kwanza ni miaka minne na masta miwili, sita, akiunganisha anapata mitano. Ameokoa mwaka. Wewe digrii yako ya hapa ni miaka mitatu, masta ya kawaida kule miwili, mitatu na miwili ngapi mwanangu? Mitano! Sisi tumeshaunganisha siku nyingi ila hakuna alotupigia tarumbeta. Na wewe katika hio mitano ushakula karibu miwili, umebakiwa na mwaka na kitu hapa na miwili kule. Ukimfuata huyu kaka unaanza moja, mitano mizima, au pengine minne kama chuo kitakubali kukuhesabia baadhi ya masomo ulosoma, na hilo wanaangalia somo moja moja na hakuna anaeweza kukuahidi kabla. Na digrii ulioiacha njiani haikupi cheti, ila mkopo wa Bodi haukusahau, unabaki wako.

Sasa njoo kwenye mikarafuu, hapa ndo pameniuma.

Milioni 25 kwenu ni fedha nyingi, hata kwangu ni nyingi. Ila chuo cha serikali kule kwa mtu alotoka nje, ada na kulala na kula na bima ya afya, dola 40,000 kwa mwaka si ajabu na viko vinavyozidi. Chukua dola moja ni shilingi 2,500, hiyo ni milioni 100 kwa mwaka mmoja. Mikarafuu ya bibi ni robo ya mwaka. Unaingia Agosti, ikifika Novemba baridi ndo kwanza inaanza na miti yote ya bibi ishakwisha, na umebakiwa na miaka minne na miezi tisa. Na kabla ya hapo, ili chuo kikutolee fomu ya I-20 ambayo bila yake viza ya mwanafunzi huombi, lazima uoneshe kwa karatasi kuwa fedha ya mwaka wa kwanza ipo yote. Milioni 25 haioneshi. Kwa hivo ungeuza mikarafuu na viza usipate, huyo ajenti alikuwa atakuja kukupa pole?

Fedha ya masta inakaa kwengine, na watu wetu wengi hawaijui hii. Kule mwanafunzi wa masta anaweza kupewa kazi na chuo chenyewe, kama saa 20 kwa wiki, ama unamsaidia profesa kwenye utafiti, ama unasaidia kusomesha wa mwaka wa kwanza, ama unasimamia shughuli fulani, na malipo yake ni kufutiwa ada yote au sehemu yake pamoja na posho ya mwezi. Mwanafunzi wa digrii ya kwanza alotoka nje kitu kama hicho kukipata ni nadra, na hata hao walioko kwenye mpango wa kuunganisha vyuo vingi haviwapi mpaka waandikwe rasmi kuwa ni wa masta. Umeona ilivyo? Alokuwa anataka kukutoa kwenye masta akurudishe digrii ya kwanza alikuwa anakutoa kwenye fedha.

Mie masta yangu nilisoma hivo hivo. Vyuo vinne vilinikataa kwanza, cha tano kikanipa kazi kwenye kituo chao cha michezo, alfajiri saa kumi na moja na nusu natakiwa niwe nshafungua mlango, nje theluji, nahesabu mataulo, napanga nani anatumia bwawa la kuogelea saa ngapi, mie mtoto wa Ng'ambo ambae kuogelea nilifundishwa kwa kusukumwa majini na kaka yangu pale Funguni. Nililia wiki mbili. Lakini ada sikulipa, na hayo mataulo yamenisomesha kuliko vitabu vyengine, mana kituo kile walikuwa wakija wazee wa miaka 80, vilema, wanafunzi, mama na vichanga, na kila kundi lina saa yake na haki yake na mtu akionewa kuna pa kushitaki. Ndo nikafahamu nilichokwenda kusoma.

Na hapo ndo jibu la mama yako. Mwambie hapana mama, siendi kusomea kucheza, nakwenda kusomea namna ya kuwawekea watu pa kuchezea na pa kupumzikia, na namna ya kupalinda pasiporwe wala pasiharibiwe. Wenzetu wale wana mapaki ya taifa tangu Yellowstone mwaka 1872, na kwenye miji yao walipoona watoto wa masikini wanachezea barabarani wakaanza kudai viwanja, mpaka 1906 ikaundwa jumuiya yao ya viwanja vya watoto. Kozi ya rikriesheni ina damu ya huko, ya viwanja na mapaki, utalii ulikuja ukaungwa nao. Digrii zetu za hapa nyingi zimeanzia kwenye hoteli, mgeni kafika, mgeni kalala, mgeni kala. Kule wanauliza kwanza mwenyeji anapumzika wapi. Ndo mana katika kozi hizo utakuta kupanga na kuendesha mapaki, vituo vya jamii, kuongoza wageni kwenye hifadhi, na kuna tawi la tiba kabisa, watu wanaotumia michezo na matembezi kuwasaidia wagonjwa na wazee na wenye ulemavu. Mama akisema hizo kazi huku hazipo, mwambie Jozani ni hifadhi ya taifa tangu 2004, kisiwa cha Misali kipo na wavuvi wake na wageni wake wanagombania ufukwe mmoja, Forodhani ipo, viwanja vya sikukuu vipo, na vyote vinataka mtu alosomea.

Sasa esei. Mwanangu hiyo sentensi yako ya kwanza ifute. Uti wa mgongo wa uchumi, kila anaekata utepe huku anaisema, na hao wa kule wanaosoma maombi mia na kitu wanakutana na "tangu utotoni" asubuhi, mchana na jioni. Haina makosa, ila haina mtu ndani. Nimeisoma sikukuona.

Nilikuona pahala pengine, kwenye barua yako, pale ulipoandika habari ya watoto na mpira afu ukasema hayo si mada. Hiyo ndo mada! Msichana wa mapokezi, kavaa sare, anatumwa kumwita askari awaondoshe watoto kwenye pwani ya kijiji chao ili mgeni apate picha, na mmoja katika hao watoto anamwita dada. Idara ya rikriesheni inaishi kwa suali hilo, pwani ni ya nani na saa ngapi, na wewe ushalibeba mwaka mzima moyoni unadhani ni lawama tu za kazini. Anza hapo. Andika ulivyoona, meneja alisema nini, wewe ulifanya nini (na kama ulimwita askari sema ulimwita, usijifanye shujaa, wanajua), afu useme unataka kusoma nini ili siku nyengine pwani hiyo hiyo ikae mgeni na mpira. Jina la hoteli usiliandike, halihitajiki. Kisha waambie na kwenu, sikukuu ikifika Chake watoto wanavojaa Tibirinzi na nguo zao mpya kwa siku zile chache tu, afu mwaka mzima wanacheza wapi? Au msitu wa Ngezi hauko mbali na Wete, darasani kwenu Wapemba wangapi washaingia bila ya kumpeleka mgeni? Mambo haya profesa wa kule hayajui, akisoma atataka kukuona.

Na usimpe ajenti akutengenezee Kiingereza. Ondosha makosa, ila sauti ibaki yako.

Kuna jiwe moja njiani nisikufiche. Digrii yetu ni miaka mitatu na baadhi ya vyuo vya Marekani kwa masta wanataka ilotimia minne, wengine wanaikubali ya mitatu bila ya shida, wengine wanasema uilete ikatathminiwe kwanza na taasisi za kupima vyeti kama WES, halafu wataamua. Hili ni la kuuliza kabla hujalipa ada ya maombi hata senti, emaili moja kwa idara ya masta, digrii yangu ni ya miaka mitatu kutoka Tanzania mnaikubali? Watakujibu. Na GPA yako ya 4.1 hapa ni juu ya 5, usije ukaiandika kwenye fomu yenye mizani ya 4 wakadhani umewapita Wamarekani wote, wala usijigawie mwenyewe kwa kikokotozi, iandike kama ilivyo na useme ni kati ya 5, kupima watapima wao.

Emaili za maprofesa andika kuanzia mwezi wa tisa wa mwaka wako wa mwisho, fupi, mistari minane, wewe nani, umeona nini, kazi yake ipi uloisoma na inagusana wapi na pwani yako, na je anachukua mwanafunzi mwenye ufadhili mwaka unaofuata. Watu 15 utawaandikia, watakujibu wanne. Usivunjike moyo na usitume emaili moja kwa wote mana wanajuana. Maombi ya wanaotaka ufadhili mara nyingi hufungwa kati ya Disemba na Februari kwa kuanza Agosti, ukichelewa nafasi unaweza kupata lakini fedha zishagawiwa. Mtihani wa Kiingereza, uliza kwanza, baadhi ya vyuo wanakusamehe ukileta barua ya msajili kuwa ulisomeshwa kwa Kiingereza. Walimu watatu wa kukuandikia anza kuwatafuta sasa hivi, wala usimtafute mkubwa wa cheo, tafuta anaekujua, yule alokusimamia fildi ni bora kuliko mkuu wa chuo alokuona siku ya mahafali.

Viza ukifika huko ina ada zake, ya SEVIS, ndo daftari lao la kusajili wanafunzi wa nje, na ya viza yenyewe, na masharti ya viza kwa sisi Watanzania yanabadilika badilika kwa hiyo yasome kwenye tovuti ya ubalozi wiki hiyo hiyo unayotaka kulipa, usitegemee alokwenda mwaka jana. Ubalozi wa Marekani Dar una washauri wa EducationUSA, hawachukui fedha yako, waulize chochote hata kama unaona ni suali la kijinga. Na usifunge macho kwa Marekani tu, pita pia Bodi ya Mikopo hapa uulize kuhusu masta, na popote utakaposoma nje angalia mapema kama TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, watakitambua cheti chako ukirudi nacho.

Huo mpango wa kuunganisha kama kuna mdogo wako alomaliza fomu siksi, hana digrii alioianza, na kapata skolashipu kamili ya digrii ya kwanza kule, basi yeye akifika mwaka wa pili amuone mshauri wake wa masomo aulize. Kwake ni kitu kizuri kweli. Kwako wewe umechelewa kwa sababu umeshatangulia, sijui kama nimesema sawa lakini utanifahamu.

Na bibi. Huyo mnunuzi mwambieni asante hatuuzi. Bibi akisema yeye keshazeeka hapandi mti, mwambie hapandi ila karafuu zinachumwa, na fedha utakayohitaji mwaka ujao haifiki hata milioni 3 alizotaka ajenti. Ni ada za maombi za vyuo vitano sita (na uandike uombe kusamehewa, baadhi husamehe), tathmini ya cheti, mtihani wa Kiingereza kama watautaka. Hizo zinatoka kwenye msimu, karafuu zikachumwa zikaanikwa zikapelekwa ZSTC, shirika la serikali linalonunua karafuu, bibi akatoa atakachotoa na miti ikabaki imesimama. Mjomba nae mpe kazi, awe ndie anaekwenda kuuza, akileta fedha ya maombi kwa mkono wake hatosema tena unakwenda kutembea Ulaya.

Ukishaandika mwanzo mpya wa esei, ule wa watoto na mpira, niletee niusome. Na mtoto yule aliekuwa anakuita dada, kama jina lake unalikumbuka liandike kwenye daftari lako, kwenye esei libadilishe.